Ndama wa Umuhoza

Watu wa Burungu hawachelewi kumwita mwanamke mkali, na Emérita walimwita hivyo kabla hajafanya lolote la kustahili jina hilo. Alikuwa mjane aliyelima viazi na maharagwe kwenye mteremko unaotazama barabara ya Kitchanga, na kosa lake lilikuwa kuuliza swali mara ya pili pale wenzake walipokuwa wameshatikisa vichwa. Mwanamume akiuliza mara mbili husemwa ana busara. Emérita akiuliza mara mbili, basi ni mkali, na kila mtu anarudi kwake ameridhika.

Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, Gaju, jike la rangi ya kahawia lenye pembe zilizofungukia nje. Gaju hakununuliwa. Aliletwa siku za ndoa ya Umuhoza, binti wa pekee wa Emérita, alipoolewa na Édouard mwana wa Nsengimana, ng'ambo ya mto. Na kwa watu hawa ng'ombe wa mahari haji hivihivi. Mtamba wa kwanza, yaani ndama jike wa kwanza atakayezaliwa, hurudi kwa maharusi, ili nao waanzishe zizi lao. Mtamba huyo ndiye anayemkalisha bibi arusi vizuri kwa wakwe, kwa sababu anawaonyesha kwamba huko alikotoka kuna watu.

Gaju alipozaa mara ya kwanza akatoa dume. Wakwe walicheka kwa adabu, wakasema Mungu anajua. Alipopata mimba ya pili, kila aliyetoka kanisani alipitia zizini kwa Emérita kuangalia tumbo. Umuhoza alikuwa ameshazaa mtoto, tena mtoto mwenye afya, lakini kwa wakwe zake aliulizwa habari za ndama kabla ya kuulizwa habari za mtoto. Alikuwa akimsimulia mama yake mambo hayo huku akicheka, na Emérita hakupata kuona kichekesho kilipo.

Mwaka ule, mimba ya Gaju ikiwa imekua hata anatembea kwa kuyumba, habari mbaya zikaanza kushuka kutoka upande wa Kitchanga. Ng'ombe analala mzima, asubuhi anakutwa amevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Wazee walilitambua jina mara moja. Ni kimeta, ugonjwa ambao huku watu wanauita sharbo, na hauna subira ya kungoja mtu akamwite daktari.

Siku chache baadaye akafika Tuyishime, mtu wa mifugo, veterineri kama wanavyomwita, na kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma ya pikipiki. Alikuwa ametoka Goma na chanjo. Tangu Mubambiro mpaka Sake, na kutoka Sake kupanda huku juu, kila bariere, kizuizi cha barabarani, ilikuwa na mtu mwenye bunduki aliyetaka kisanduku kifunguliwe aone ndani kuna nini, na kila kilipofunguliwa baridi ilitoka. Ilimbidi atafute barafu nyingine njiani. Chanjo yenyewe ilipaswa kufika miezi mingi kabla, wakati matumbo ya ng'ombe bado ni mepesi na hakuna kifo jirani. Lakini wenye ofisi zao walikuwa na mambo mengine, na wenye bariere nao walikuwa na yao, hivyo ikafika kwa kuchelewa, halafu mjane wa Burungu akaachiwa kazi ya kuamua.

Tuyishime alizungumza na watu baada ya misa. Alisema wazi kwamba chanjo ya kimeta ina vijidudu vya ugonjwa wenyewe vilivyolegezwa nguvu, kwamba mnyama anaweza kuvimba shingo kidogo na kupata homa, na kwamba mwenye mimba kubwa anaweza kuitupa. Minong'ono ikaanza hapohapo. Kisha mtu akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: je, Hilaire atayakubali maziwa?

Hilaire ndiye mtengeneza jibini, au fromaji kama wanavyoiita huku, wa mlima ule, na maziwa ya karibu kila zizi huishia kwake. Miaka iliyopita mfugaji mmoja alimpiga ng'ombe wake sindano ya dawa ya kutibu kiwele, akakamua kesho yake, akayachanganya maziwa kwenye bidoni, dumu la wote. Maziwa yale hayakuganda. Jibini ya siku nzima ikamwagiwa nguruwe. Tangu siku ile Hilaire aliweka sheria yake, kwamba ng'ombe aliyepigwa sindano, maziwa yake hayaingii mlangoni mwake mpaka mwezi mwingine uandame. Hakuuliza ni sindano gani. Kwake sindano ni sindano, kama vile mvua ni mvua.

Tuyishime alijaribu kueleza kwamba dawa ya kutibu ndiyo inayozuia maziwa kugeuka jibini, na kwamba chanjo haina jambo hilo. Hilaire, aliyekuwa amesimama nyuma amekunja mikono, akasema yeye si wa kufundishwa kazi yake na mtu wa pikipiki. Basi. Kwa neno hilo moja nusu ya wafugaji wakaenda zao. Ukweli ndio huo, na unakera kuusema: kifo kilikuwa kwenye mlima wa pili, na wanaume wenye akili zao walikipima upande mmoja, upande wa pili wakaweka jibini, na jibini ikawa nzito zaidi.

Emérita yeye alibaki. Alimngoja Tuyishime amalize kufunga kisanduku, akamuuliza kuhusu Gaju, akamweleza na habari za ndama na Umuhoza, kisha akauliza tena.

"Mama Umuhoza, siwezi kukudanganya," Tuyishime alimwambia. "Ngombe yako iko na mimba kubwa. Naweza kuipiga sindano na mimba ikatoka. Si lazima, lakini inaweza. Na naweza kuiacha, sharbo ikaingia mu kraal yako, ikabeba mama na mutoto pamoja. Ile yenye itatokea, mimi siijue."

"Ingekuwa ya mama yako?"

"Ningeipiga," alisema. "Na ningelia kama mimba ikatoka."

Jibu hilo lilimpendeza Emérita, maana halikuwa na sukari. Akamwomba ampe mpaka kesho.

Kabla ya kesho, Nsengimana akavuka mto. Alikuwa mtu mzito, mwenye ng'ombe wengi na kofia ya kanisani aliyoivaa hata siku za kazi. Aliketi kwenye kiti alichopewa, akakataa maziwa, na kukataa maziwa nyumbani kwa mtu si jambo dogo. Alisema amesikia mambo. Alisema yeye mwenyewe hachanji hata ng'ombe mmoja, kwa sababu maziwa yake hayawezi kulala nyumbani mwezi mzima.

"Bamwana," alimwambia, kwa jina ambalo wazazi wa mke na wazazi wa mume huitana, "ile ndama yenye iko mu tumbo si yako. Iko ya batoto. Hauna ruhusa ya kuicheza."

"Na mama yake akikufa, bamwana, ndama itatokea wapi?"

"Hiyo njo kazi ya Mungu."

Emérita aliona hasira ikimpanda mpaka masikioni. Mungu, alijisemea, anapewa kazi ngumu zote, na Nsengimana anabaki na ile nyepesi ya kukataza. Lakini alimsindikiza mpaka kwenye njia, kama inavyopasa, kwa sababu Umuhoza alikuwa anakula kwenye chungu cha mtu huyo.

Jioni hiyo aliketi kwenye kigogo kando ya zizi, akimtazama Gaju akicheua. Alilipima jambo hilo kwa namna aliyoijua. Ndama akipotea, Gaju atapata mimba nyingine, na Umuhoza atasemwa mwaka mzima. Gaju akifa, hakuna mimba nyingine, hakuna mbolea ya viazi, hakuna ndama milele, na Umuhoza atasemwa mpaka azeeke. Upande mmoja palikuwa na huzuni inayoweza kupita. Upande wa pili hapakuwa na kitu cha kupita. Alipoliona hivyo hakuona tena sababu ya kungoja.

Asubuhi Tuyishime akaja. Emérita alimshika Gaju pembe mwenyewe, akimwimbia taratibu zile sifa ambazo ng'ombe huimbiwa, na sindano ikaingia chini ya ngozi ya shingo. Siku ile Burungu walichanjwa ng'ombe wachache tu, na karibu wote wenye nao walikuwa wanawake wasio na maziwa ya kumpelekea Hilaire.

Wiki haikuisha, Gaju akatupa mimba. Emérita alimkuta ndama kwenye majani, amelowa, ameshakamilika kwato na kope, hapumui. Akamgeuza aangalie. Alikuwa jike.

Alipiga magoti palepale zizini akalia kwa sauti. Si mwanamke wa kulia, na majirani waliosikia walidhani kuna mtu amekufa. Alimzika ndama chini ya mgomba, akaenda mwenyewe kumtafuta Tuyishime, aliyekuwa kijiji cha pili. Tuyishime hakujitetea. Alisema huenda ni chanjo, huenda ni jambo jingine, lakini yeye angesema ni chanjo. Kisha akaja kumpima Gaju homa, akamwosha, akakaa mpaka alipomwona amekula. Katika habari hii yote ndiye mwanamume pekee aliyefanya jambo kisha akabaki kuliangalia limeishaje.

Kwa wakwe habari zilifika kabla ya jua kuchwa. Na sasa sikieni waliyoyafanya. Walimpa Umuhoza nguo zake kwenye kitenge, mtoto mgongoni, wakamwambia arudi kwa mama yake mpaka mtamba mwingine apatikane. Hawakumfukuza, la, walisema hawamfukuzi; walimrudisha tu kidogo. Édouard, mume wake, alimbebea mzigo mpaka kwenye daraja. Hapo akautua chini, akashika kichwa cha mtoto, akageuka. Hakusema neno. Mwanamume mzima, ana mikono miwili na mdomo mmoja, na alichoweza kukifanya ni kubeba kitenge mpaka darajani.

Gaju alikuwa na maziwa ingawa hakuwa na ndama wa kuyanyonya. Emérita alipeleka bidoni dogo kwa Hilaire, na Hilaire akamwonyesha njia ya kurudia. Ng'ombe wa sindano, alisema. Basi maziwa yale alikunywa mtoto wa Umuhoza, yakichemshwa asubuhi na jioni, mpaka mashavu yake yakajaa. Kwenye kisima wanawake walimpisha Umuhoza kwa upole wa kuudhi. Walisema sindano ya mama yake imekula ndoa yake. Emérita aliyasikia, akajibu moja, akaacha tisa, kwa sababu moyo wake nao ulikuwa ukimwambia neno hilohilo.

Mvua kubwa zikaanza. Maji yaliteremka mlimani yakaosha udongo wa malisho, na kimeta, ambacho hulala udongoni kikingoja, kikaamka. Ng'ombe wa kwanza kufa upande wa Burungu alikuwa wa Nsengimana.

Alikutwa ndani ya uzio wa senyenge, amevimba, damu puani. Tuyishime alikuwa ameshasema mbele ya kanisa zima kwamba mnyama wa namna hiyo hafunguliwi kwa kisu. Anazikwa na ngozi yake, shimo refu, na majivu juu. Lakini nani anazika ng'ombe huku? Ng'ombe akifa nyama hugawanywa, na atakayesema izikwe anaonekana anawanyima watu. Nsengimana akaita visu.

Emérita alivuka mto akikimbia, Umuhoza nyuma yake akimsihi arudi. Alikuta mzoga bado haujaguswa. Alisimama kati ya mzoga na watu, akasema kwa sauti yake yote kwamba nyama ile ni ugonjwa, kwamba kisu kikiingia kimeta kitatapakaa shamba zima, kwamba wana watoto majumbani. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema ana wivu, kwa sababu ndama wake alizikwa bila kuliwa. Nsengimana akamshika mkono, si kwa nguvu nyingi, akamsogeza pembeni mbele ya watu wote kama mtu anayesogeza kiti. Kisha akachukua kisu yeye mwenyewe, akaanza na ngozi ya mguu.

Emérita alirudi nyumbani kwa ghadhabu. Alimwambia Umuhoza kwamba hata wakwe wakimpikia kipande kwa heshima, asikiguse, wala mtoto asikiguse, wala chungu cha kwao kisiingie ndani. Alimfungia Gaju kwenye zizi, akawa anamkatia majani upande wa juu, mbali na maji ya mto.

Haukupita muda mrefu. Nsengimana alitokwa na uvimbe kwenye mkono aliochunia, ukawa kidonda cheusi katikati ambacho hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma alikidharau. Walimpeleka kwenye kituo cha afya akiwa anaropoka kwa homa. Waliokula nyama waliugua matumbo, na mzee mmoja wa upande ule hakuamka tena. Ng'ombe wa Nsengimana walianguka mmoja baada ya mwingine, na wa jirani zake, na wa jirani za hao. Tuyishime alirudi na chanjo na dawa akawaokoa aliowakuta hawajashikwa. Nsengimana alipona mkono, lakini ulibaki na kovu na vidole viwili visivyokunjika, na katika zizi lake lote walibaki majike wawili waliokonda.

Gaju, na wale wachache waliochanjwa siku ile, hawakuguswa.

Mtu angedhani sasa watu wangesema wamekosea. Walisema kingine. Walisema sindano ya Emérita ndiyo iliyoleta ugonjwa, maana kabla ya sindano hakukuwa na ugonjwa Burungu. Kama ng'ombe wake angekufa wangesema sindano haifai kitu. Kwa kuwa alipona, ikawa sindano ni ya uchawi. Kwa hesabu ya namna hiyo mwanamke hashindi hata siku moja, na Emérita alilijua hilo tangu utoto wake.

Hilaire alikuja mwenyewe, na bidoni tupu. Kwenye mlima mzima hakukuwa na maziwa ya kutosha hata jibini moja ya kushika mkononi. Emérita alimsikiliza amesimama mlangoni, hakumpa kiti. Alimwambia maziwa yapo, na atayapata siku atakaposema kanisani, baada ya misa, mahali palepale aliposimama amekunja mikono, kwamba sindano ya dawa na sindano ya chanjo si kitu kimoja. Jumapili Hilaire alisema. Alisema akitazama viatu vyake, lakini alisema, na hata wa mwisho karibu na mlango walisikia.

Mwaka ukazunguka. Gaju alipata mimba tena, akazaa kwa amani mwanzoni mwa msimu, na ndama alikuwa jike, kahawia kama mama yake, na doa jeupe kwenye paji. Burungu nzima ilijua kabla ya ndama kusimama vizuri. Umuhoza ndiye aliyemfuta kwa majani makavu.

Tuyishime alipotangaza siku yake ya kuchanja, safari hii mapema, foleni ilikuwa ndefu tangu asubuhi, na wale waliosema uchawi walisukumana mbele. Emérita alikuwa amemfunga Gaju nyumbani, akingoja Tuyishime apite kwake baada ya foleni, alipowaona Nsengimana na Édouard wakipanda njia. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani, na Édouard alibeba kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi inayobebwa na wanaokuja kuomba jambo.

Waliketi. Nsengimana safari hii alikunywa maziwa, yote. Alizunguka sana, akataja mvua, akataja mkono wake, akamshukuru Mungu kwa ndama. Mwisho akalifikia. Walikuwa wamekuja kumchukua Umuhoza arudi kwake, kwa sababu lile jambo lililokuwa linazuia sasa limepatikana. Aende, na mtamba wake aende naye akiachishwa maziwa. Zizi lile, alisema, linahitaji kuanza tena.

Emérita alikuwa ameapa kwamba siku hiyo ikifika hatapiga kelele, na hakupiga.

"Bamwana, mulipima ndama," alisema. "Mulipima maziwa. Mulipima fromaji na nyama ya ngombe yenye kukufa. Yote mulipima. Huyu mutoto yangu, nani alimupima?"

Nsengimana alitazama vidole vyake visivyokunjika. Édouard alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya neno likatoka, nalo lilikuwa moja tu, msamaha. Umuhoza alimsikia. Alikuwa amesimama karibu na Gaju, mkono mmoja kwenye kamba, mtoto wake akimchezea ndama masikio. Hakungoja mama yake amjibie.

"Ndama iko yangu," alisema. "Itaenda siku mimi nitaenda. Na mimi bado niko napima."

Kisha, kwa kuwa Tuyishime alikuwa ameshaingia uani na kisanduku chake, akampa Édouard kamba ya Gaju na kumwambia amshike vizuri.